Tom Morello, gitaa la mtumba na ampu ya wati 10: jibu kwa kijana wa Nakuru

Kijana mmoja wa Nakuru ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Mwalimu, habari ya Kisumu. Niko na miaka 19, nilianza gitaa mwaka jana. Rafiki yangu alinionyesha video za Tom Morello wa Rage Against the Machine akaniambia baba yake ni Mkenya, na zile sauti za kukwaruza kama za DJ ni gitaa tupu, hakuna mashine. Ni ukweli? Mimi niko na gitaa la umeme la mtumba na ampu ya wati 10, pedali sina hata moja. Naweza kufika mahali ama nimechelewa? Mzee anasema nimalize chuo kwanza."

Huku kwetu salama, mdogo wangu. Nimekaa na swali lako siku mbili juu ni kama umeniuliza kuhusu maisha yangu pia, maana huyo jamaa ndiye alifanya nikaacha kusema "sina vifaa". Wacha nianze na hiyo ya Ukenya ndio tuimalize.

Ni ukweli. Baba yake ni Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wetu, alikuwa kwa ujumbe wa Kenya kule Umoja wa Mataifa New York, na miaka ya sabini akawa balozi wetu London. Ni familia kubwa hiyo, shangazi yake Tom ni Jemimah Gecaga, yule mwanamke wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria la Kenya enzi za mkoloni, na mjomba wake, sawa, kwa Kiswahili sanifu tungesema baba mdogo au mkubwa, ni Dr. Njoroge Mungai aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Mama yake ni Mary Morello, Mmarekani mwenye asili ya Italia na Ireland, mwalimu wa kazi, mama aliyekuwa ametembea akifundisha nchi za watu mpaka akafika hapa Kenya, na ni hapa ndio alikutana na Njoroge mwaka ule wa 1963 nchi ikiwa inangoja uhuru. Wakaenda New York. Tom akazaliwa Harlem tarehe 30 Mei 1964. Kabla hajafikisha miaka miwili baba akarudi zake, na mama akabaki na mtoto.

Sasa hapo ndio huwa nasimama kidogo watu wakianza kupiga kifua ati "ni wetu huyo". Damu ni yetu, sawa, na mimi hufurahi nikikumbuka hivyo. Lakini kijana alilelewa na mama peke yake kwa mji mdogo unaitwa Libertyville, jimbo la Illinois, mji wa wazungu, na amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba yeye ndiye alikuwa mtoto mweusi wa pekee pale. Mama akifundisha shule ya sekondari ya huo huo mji. Na mama huyo hakuwa wa kukaa kimya, miaka ya themanini wanasiasa na akina mama fulani Marekani walipoanza kutaka miziki ipigwe marufuku ati inaharibu watoto, yeye alianzisha kikundi cha wazazi wanaotetea roki na rap. Hebu fikiria mwalimu wa shule, mama wa umri, anasimama kutetea rap mwaka wa 1987. Kwa hivyo ukitaka kumshukuru mtu kwa ajili ya Tom Morello anza na Mama Mary, hao wengine watafuata.

Hiyo ya kuchelewa ndio imenifanya niketi chini niandike jibu refu.

Tom alinunua gitaa lake la kwanza akiwa na kama miaka 13, la bei rahisi. Akaenda kwa mwalimu akitaka kufundishwa nyimbo za Kiss na Led Zeppelin. Somo la kwanza mwalimu akamfundisha kutyuni. Somo la pili, do re mi fa so. Kijana akarudisha gitaa kabatini na lilikaa humo miaka minne. Mimi kama mwalimu hiyo story hunichoma, juu najua ni wangapi nimewafukuza hivyo hivyo bila kujua, mtoto anakuja na moto wa wimbo mmoja kichwani na wewe unampa skeli ya C, hiyo do re mi, wiki tatu. Siku hizi mtu akija kwangu huwa nauliza kwanza ni wimbo gani umekukosesha usingizi, tunaanzia hapo, skeli itakuja tu yenyewe siku utakapoihitaji.

Kilichomtoa kabatini ni punk, ile roki ghafi ya kasi. Alisikia bendi ya Sex Pistols, akaona hawa watu si mafundi sana na bado wimbo unapiga kama ngumi, akaunda bendi karibu siku ile ile. Alikuwa na miaka 17. Kumi na saba! Wapiga gitaa wengi unaosikia majina yao walianza wakiwa na miaka minane, tisa, kumi. Kwa bendi yake ya shule alikuwa na kijana mwingine anaitwa Adam Jones, ambaye baadaye akawa mpiga gitaa wa bendi ya Tool, yaani mji mdogo mmoja, shule moja, watu wawili wa aina hiyo.

Kwa hivyo wewe wa 19 uliyeanza 18 hujachelewa. Lakini usikate hiyo sentensi katikati ukaenda kulala, juu sehemu ya pili ni masaa. Alipoona amechelewa alijiwekea saa moja kila siku bila kukosa, ikawa mbili, ikawa nne, ikafika masaa nane kwa siku, na hiyo alikuwa anafanya akiwa Harvard. Sio jina la bendi, ni Harvard chuo kikuu, aliingia 1982 akamaliza 1986 na digrii ya masomo ya jamii na siasa. Anasoma vitabu mchana, gitaa usiku mpaka alfajiri, akiwa mgonjwa bado anafanya masaa yake. Sasa mwonyeshe mzee hiyo. Mwambie tu, kwa heshima, kwamba huyu mtu hakuchagua kimoja. Na mzee wako hajakosea pia, mimi niko upande wake kidogo, juu hiyo digrii haikumpa Tom kazi ya muziki lakini ilimpa vitu vya kusema, na bendi aliyokuja kuunda ilikuwa na mambo ya kusema kuliko bendi zote za wakati wao.

Baada ya chuo alienda Los Angeles na huko hakuna aliyemngoja. Alifanya vibarua vya kila aina, miaka miwili akafanya kazi kwa ofisi ya seneta mmoja wa California, Alan Cranston, kazi ya kupanga ratiba yake. Akaingia bendi inaitwa Lock Up, wakapata kampuni kubwa, wakatoa albamu 1989, haikuuza, wakaachwa. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, amesoma, amesainiwa, ameachwa. Wengi wangerudi nyumbani hapo.

1991 ndio akakutana na Zack de la Rocha, mshairi, rapa, na Tim Commerford wa bezi na Brad Wilk wa ngoma, na hapo ndio Rage Against the Machine ikazaliwa. Walirekodi kaseti ya nyimbo 12 wakaiuza wenyewe kwa mkono kwenye shoo, na Novemba 1992 albamu yao ya kwanza ikatoka. Mimi niliipata kwa kaseti iliyonakiliwa, 1997, niko fomu tatu, jamaa wa darasa alirudi nayo kutoka Nairobi baada ya likizo. Tulikuwa tunaisikiliza kwa redio ya betri nyuma ya bweni sauti chini kabisa na tukabishana wiki nzima: mimi nilisema kuna DJ kwa hiyo bendi, lazima. Jamaa akasema kwa karatasi ya kaseti halisi kumeandikwa kwamba hakuna sampuli, yaani vipande vya rekodi nyingine, hakuna kinanda, hakuna sinthesaiza iliyotumika. Sikumwamini. Ilichukua miaka mpaka nikaona karatasi yenyewe kwa macho yangu, na kweli wameandika hivyo. Kwa hivyo jibu la swali lako la pili pia ni ndio, ni gitaa tupu, na sasa nikuelezee inafanywaje juu hii ndio kazi yangu.

Gitaa la umeme halitoi sauti kwa mbao. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele maelfu ya mara, na uzi wa chuma ukitingishika juu ya sumaku unazaa umeme kidogo sana, huo umeme unapita kwa volyumu, kwa swichi, kwa kebo, unafika kwa ampu ndio unakuwa sauti. Tom alikaa akaangalia hiyo njia yote akaona kila kituo ni mahali pa kupigia muziki. Si nyuzi tu. Swichi ni ala. Kebo ni ala.

Ile ya kukwaruza kama DJ ni hivi. Gitaa lake kuu lina pikapu mbili na kila moja ina volyumu yake. Unazima kabisa volyumu ya pikapu ya mbele, ile ya upande wa shingo, sifuri, ya nyuma unaiweka mwisho. Sasa swichi ya kuchagua pikapu imegeuka kuwa kizima-na-kuwasha. Kwa magitaa mengi ya aina hiyo ukiiweka katikati sauti inakufa kabisa, kwa hivyo huhitaji kuivuta njia yote, ni mwendo mfupi tu wa kidole, katikati na nyuma, katikati na nyuma, taka-taka-taka. Mkono mmoja unasugua nyuzi juu ya pikapu bila kubonyeza noti yoyote, unasikia tu mkwaruzo wa ngozi na chuma, mkono mwingine unakata hiyo sauti kwa swichi kwa mapigo, na mguu uko kwa pedali ya wah, kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti, kuipa ule mdomo wa kufunguka na kufunga. Ndiyo ile solo ya "Bulls on Parade". Amesema mwenyewe kwamba kwa hiyo bendi yeye alijiona ndiye DJ, alikuwa anawasikiliza ma-DJ wa hip hop kama Terminator X wa Public Enemy na Jam Master Jay wa Run-DMC, badala ya kusikiliza wapiga gitaa wenzake. Kwa "People of the Sun" alichukua alenki, ile chuma imepinda kama L ya kukaza skrubu, akasugua nazo nyuzi. Wakati mwingine anachomoa kebo kwa gitaa na kuigonga ile ncha kwa kiganja, ile bzz bzz unayosikia wewe ukikosea kuchomoa kabla ya kuzima ampu, kwake ni noti.

Na vifaa vyake. Hapa ndio nataka usome polepole. Gitaa lake maarufu, lile la bluu limeandikwa "Arm the Homeless" na viboko, wale wanyama wa majini, wamechorwa, lilitengenezwa kwa kuagizwa 1986 alipofika Los Angeles na halikumpendeza hata kidogo. Akabadilisha shingo. Akabadilisha pikapu. Akabadilisha brija. Akabadilisha tena. Miaka mitatu minne ya kutafuta sauti mpaka kikabaki kipande cha mbao tu cha lile gitaa la kwanza, na bado haikuwa ile sauti aliyokuwa nayo kichwani. Ampu ni Marshall ya wati 50, na hiyo pia alihangaika na vifundo vyake siku nyingi. Siku moja akakata shauri, akaweka vifundo mahali ambapo haikuwa mbaya, akaweka alama pale, na hajavisogeza tangu hapo. Alisema hii ndiyo sauti niliyo nayo, basi kazi ibaki kutunga. Pedali zake ni hizo hizo chache miaka yote, wah, ile ya Whammy ya kupandisha sauti oktava kwa mguu, dilei ya kurudia sauti kama mwangwi na ekwalaiza ya kupanga besi na trebo, ndizo kubwa. Rage, Audioslave bendi yake ya baadaye, mpaka alipopiga na mwanamuziki Bruce Springsteen kwa stejini za viwanja, vifaa karibu ni vile vile.

Mimi niliposoma habari ya alama za vifundo nilienda nikachukua kyutex ya mke wangu, ile nyekundu, nikaweka nukta nne kwa ampu yangu. Ziko mpaka leo. Fanya hivyo kwa hiyo yako ya wati 10 wiki hii. Anza na besi nusu, midi juu kidogo ya nusu, trebo chini ya nusu, geini mahali ambapo ukipiga polepole ni safi na ukipiga kwa nguvu inakwaruza, weka alama, halafu usiguse miezi mitatu.

Sasa swichi. Gitaa lako ukilipiga picha nitakuambia zaidi, lakini mengi ya mtumba yanayofika huku yana volyumu moja tu kwa pikapu zote, kwa hivyo hiyo mbinu ya sifuri na mwisho haitakubali. Usivunjike moyo. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa Nyalenda na gitaa kama hilo akiwa na shida hiyo hiyo, amejaribu na swichi wiki mzima hakuna kitu. Tulienda kwa fundi wa redio hapa karibu tukanunua kibatani kidogo cha kubonyeza, kile ukibonyeza kinawasha ukiachilia kinazima, kama cha kengele ya mlango. Bei yake ni kama chai na mandazi ya watu wawili. Tukafungua kifuniko cha nyuma. Ndani kuna waya mbili zinaenda kwa jeki, moja inabeba sauti na inaishia kwa ile ulimi mrefu wa jeki unaogusa ncha ya kebo, nyingine ni ya ardhi. Usiamini rangi za waya, kila kiwanda na rangi zake, fuata waya kwa kidole uone unaishia wapi. Tukaunganisha mguu mmoja wa kibatani kwa waya wa sauti na mguu mwingine kwa ardhi, kibatani kikakaa kwa tundu tulilotoboa karibu na volyumu. Ukibonyeza, sauti inakimbilia ardhini na ampu inanyamaza, ukiachilia inarudi. Solda ilikuwa bado inatoa moshi na kijana ameshachomeka kebo, akashika kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, akaanza kubonyeza kwa mapigo, na mama wa kibanda cha mboga nje akauliza redio imeharibika ama ni nini. Kijana alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Hiyo ndio sauti Tom alikuwa anatafuta mwaka wa 1991.

Ukifanya hiyo kazi, kebo iwe imechomolewa. Na usifungue ampu, hata ikiwa imezimwa, kuna vitu mle ndani vinaweka umeme baada ya kuchomoa na vinaweza kukuumiza vibaya. Lingine, nyumba nyingi za kupanga hazina ardhi ya ukweli kwa soketi, ukisikia gitaa linavuma na kunyamaza ukigusa nyuzi hilo ni jambo la kawaida, lakini ukisikia linakutekenya ama kukupiga, hasa mdomo ukigusa maiki, acha hapo hapo na uite fundi wa umeme. Nimeona mtu akirushwa. Sio mchezo.

Bila pedali utakosa ile ya Whammy, hilo silifichi, hakuna njia ya bure ya kupata oktava mbili juu kwa mguu. Lakini wah unaweza kuiga kidogo kwa kuzungusha kifundo cha toni kwa kidole kidogo huku unapiga. Kufifisha sauti na kuileta kama fidla, ni volyumu. Na shusha uzi wa sita kutoka E hadi D, hapo unaweza kushika kodi nzito ya nyuzi tatu za chini kwa kidole kimoja, ndiyo tyuni ya "Killing in the Name", na ndiyo sababu mkono wake unaweza kuruka haraka hivyo. Solo zake watu wanazisifu, mimi nasema ukubwa wake uko kwa zile rifu, misitari mifupi ya gitaa na bezi vikitembea pamoja kama mtu mmoja. Maneno yalikuwa ya Zack, muziki waliandika wote wanne na majina yao yote yako hapo, lakini hizo rifu nyingi zilianzia mikononi mwa Tom. Tunga rifu moja kwa wiki. Ya noti nne au tano. Kama huwezi kuiimba kwa mdomo ukiwa unatembea, itupe.

Baada ya hapo maisha yake mengine utayapata mwenyewe, nayapitia haraka tu. Albamu ya pili 1996 na ya tatu 1999 zote zilifika namba moja Marekani, Zack akatoka mwaka 2000, hao watatu wakamchukua mwimbaji Chris Cornell wa bendi ya Soundgarden wakawa Audioslave, albamu tatu, na Mei 2005 wakapiga shoo ya bure Havana, Kuba, mbele ya maelfu ya watu. 2007 akaanza kutoa nyimbo za gitaa kavu, lisilo la umeme, na sauti yake mwenyewe kwa jina la The Nightwatchman, nyimbo za wafanyakazi na maandamano. Hizo zisikilize pia, ni maskini kwa sauti lakini utasikia mtunzi akiwa peke yake bila kelele ya kujificha. 2023 Rage wakaingizwa kwa Rock and Roll Hall of Fame, na kati ya wanne ni yeye peke yake alifika jukwaani kupokea.

Kuna kitu kimoja nataka kukuambia ambacho hukuuliza. Wewe unaona Tom kama mtu aliyegundua jambo jipya la gitaa kuiga kitu kisicho gitaa. Huku kwetu magharibi hiyo kazi tulikuwa tumeanza zamani. George Mukabi, wa kule Kakamega, alikufa 1963, mwaka huo huo Mama Mary alikuwa Nairobi. Alikuwa na gitaa kavu moja, na nyuma yake mtu anagonga chupa ya Fanta kwa chuma, ile ya zamani yenye mistari mwilini. Hiyo ndio ngoma yote. Kidole gumba kinapiga bezi, kidole cha shahada kinapiga wimbo, mapigo ameyatoa kwa sukuti, ile ngoma ya Waluhya, na ukifunga macho unasema hapo kuna magitaa mawili. Tunaita omutibo. Halafu wazee wa benga upande wetu wa ziwa, akina D.O. Misiani na George Ramogi, wakachukua gitaa la umeme wakalifanya lilie kama nyatiti, ile ya nyuzi nane, noti fupi fupi zinakimbizana bila kupumzika mpaka bezi inaingia. Hawakuwa wanaiga gitaa la Wazungu, walikuwa wanaiga chombo cha babu. Tom alisikia ma-DJ akafanya gitaa liwe meza ya santuri, Misiani alisikia nyatiti akafanya gitaa liwe nyatiti. Kwangu mimi hao ni watu wa darasa moja, na huwa nawaweka pamoja nikifundisha, wiki moja Mukabi wiki nyingine Morello.

Kwa hivyo usikae Nakuru ukikopi kukwaruza kwa Tom miaka mitano. Kopi miezi miwili, ujue inafanywaje, mkono uzoee. Halafu toka nje. Mimi nikipita Nakuru huwa nasikia ile stendi ya matatu asubuhi, makanga wanaita, honi zile za muziki zinapanda kwa hatua tatu, pikipiki inakataa kuwaka, mhubiri na spika iliyopasuka, na nashangaa hakuna mtu amechukua hiyo honi akaipeleka kwa gitaa. Ipate kwa sikio, noti ni chache. Ifanye rifu na uzi wa sita ukiwa D.

Nyuzi pia badilisha, juu gitaa la mtumba huwa linakuja na nyuzi za mwenyewe wa kwanza. Nunua seti ya namba 10, hiyo namba ni unene wa uzi, Nakuru hamna unyevu kama sisi huku ziwani ambapo zinashika kutu mwezi mmoja, zako zitakaa miezi mitatu ukizipangusa na kitambaa kikavu ukimaliza. Kabla ya kuzifunga angalia shingo, shika gitaa kama mtu analenga na bunduki, jicho moja, uone kama imenyooka ama imepinda kama upinde. Ikiwa imepinda usizungushe mwenyewe ule msumari wa ndani ya shingo, nitumie picha ya upande, pamoja na ya nyuma ukifungua kile kifuniko, nione waya zako zimekaaje ndio nikuambie kibatani tunakitoboa wapi.